Meya Bila Baraza: Nani Anaweza Kuzima Muziki Kamituga?

Dhahabu ya Kamituga hailali. Mchimbaji akitoka shimoni na fungu lake, akamuuzia negosia jioni, pesa ile inaingia mjini usiku uleule. Baa zinafunguliwa, spika zinatolewa nje, jenereta zinaunguruma, na mtaa wa pili mashine za kusaga mawe zinaendelea kuponda kana kwamba hakuna anayelala. Asubuhi kuna chupa njiani, mkojo kwenye ukuta wa shule na mama wa sokoni ambaye jana alitukanwa na walevi mbele ya wanawe. Mwenye malalamiko huanza kwa shefu wa avenu, naye humtuma kwa shefu wa kartie. Shefu wa kartie humwambia aende polisi, na polisi humuuliza kwanza pesa ya karatasi. Akifika kwa meya anaambiwa kwamba amri ilishatolewa.

Na huenda kweli ilishatolewa. Amri za kufunga baa saa fulani, za kukataza kelele, za kuwaondoa watoto mashimoni, za kukataza pombe kali asubuhi, hizo hazijawahi kuwa haba katika miji ya Kivu, mashariki mwa Kongo. Zinasomwa redioni, zinapigwa mhuri, na baada ya majuma machache zinabaki kwenye jalada. Mazoea ni kulaumu udhaifu wa polisi au ukaidi wa wachimbaji. Mimi naona tatizo linaanza juu zaidi. Meya wa Kamituga ana nguvu nyingi kisheria kuliko wananchi wake wanavyodhani, na nguvu hizo hazizai kitu kwa sababu chombo kilichopaswa kuzijadili, kuzipima na kuzikagua hakijawahi kuketi. Mji huu hauna baraza.

Tuanze na kilichoandikwa. Katiba ya 18 Februari 2006 inataja mji, komuni, sekta na cheferi kuwa mamlaka zilizogatuliwa, zinazojisimamia zenyewe. Sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inaeleza jinsi zinavyofanya kazi. Baraza la mji linaamua mambo ya masilahi ya mji: barabara, masoko, usafi, taa, na kanuni za utulivu katika maeneo ya umma. Meya anatekeleza. Yeye ndiye mwenye dhamana ya utulivu wa mji, na kwa kazi hiyo anaweza kuvitumia vikosi vya polisi ya taifa vilivyopangiwa mji wake. Yeye mwenyewe ni OPJ, afisa wa polisi ya mahakama, mwenye uwezo wa kupokea shauri na kuandika mashtaka. Anaweza kutoa amri za polisi zenye adhabu ndogo. Diwani wa Uingereza angeshangaa kuona mamlaka yote hayo kwa mtu mmoja.

Lakini sheria hiyohiyo ilimwekea meya breki. Wananchi wawachague washauri wa komuni, yaani madiwani, hao wawachague washauri wa mji, na washauri wa mji wamchague meya na kumhoji. Breki hiyo haikufungwa. Kura za ngazi hiyo hazikupigwa mwaka 2006, wala 2011, wala 2018. Mara ya kwanza washauri wa komuni kupigiwa kura ilikuwa 20 Desemba 2023, na hata hapo ni katika miji mikuu ya majimbo tu. Bukavu ilipiga kura hiyo, Kamituga haikupiga. Meya wake anateuliwa kwa amri ya rais, kutoka Kinshasa, na anayemteua hasikii muziki wa Kamituga.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya pengo hili liwe pana zaidi hapa kuliko mahali pengine. Kamituga haikukua kutokana na soko wala kituo cha utawala. Ilikua kutokana na kampuni. Minière des Grands Lacs, ambayo wazee bado wanaiita MGL, ilichimba dhahabu ya Urega, nchi ya Warega, tangu kati ya vita viwili vya dunia, na mwaka 1976 shughuli zake zikaingia ndani ya SOMINKI. Kampuni ndiyo iliyojenga kambi za wafanyakazi, ikatibu wagonjwa, ikaleta umeme, ikaweka walinzi. Mfanyakazi aliyelewa na kupiga kelele kambini hakuhitaji sheria ya mji. Alikuwa na bosi, na bosi alikuwa na daftari la mishahara. Huo haukuwa utawala mzuri. Ulikuwa ubaguzi wa kikoloni uliorithiwa na mabwana wengine. Lakini ulikuwa utawala, na mwaka 1996, vita vilipokuja na uchimbaji wa viwanda ukasimama, ulitoweka bila kuacha mrithi wa umma. Kambi zikawa mitaa. Mashimo yakafunguliwa kando ya nyumba, mengine chini yake. Amri za serikali za mwaka 2013 ndizo zilizoipa Kamituga hadhi ya mji, ikikatwa kutoka cheferi ya Wamuzimu, na hata hizo zilichukua miaka kabla ya ofisi kuanza kazi.

Kwa hiyo meya alipokuja alikuta mji wenye watu zaidi ya laki mbili kwa makadirio, wenye desturi zake za usiku, na wakubwa wake. Wakubwa hao wanaitwa PDG. Ndilo jina la mwenye shimo, yule anayetoa mtaji wa mbao, pampu na chakula, akisubiri mshipa upatikane. PDG anaajiri vijana wengi kuliko serikali. Mwenye baa ni rafiki yake, mara nyingine ni yeye mwenyewe. Ukitaka kujua kwa nini amri ya saa nne usiku haifiki saa tano, anza kwa kuuliza baa ile ni ya nani.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana hapo ndipo amri zinapogeuka kuwa kitu kingine. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 6 Agosti 1959 inamruhusu OPJ kumpa mkosaji nafasi ya kulipa faini bila kwenda mahakamani, kesi ikaishia hapo. Kwa wazo lake ni njia ya busara: kosa dogo, malipo madogo, hakimu hasumbuliwi. Pesa hizo zinapaswa kupita kwa DGRAD, idara inayokusanya mapato yasiyo ya kodi, na mlipaji apate karatasi. Mahali penye risiti, hiyo ni faini. Mahali pasipo na risiti, wananchi wana jina lake, trakaseri, na hawahitaji kufafanuliwa maana.

Mwenye baa anajua hesabu hii kuliko mwanasheria yeyote. Kama kumlipa askari kila Ijumaa kunamgharimu sehemu ndogo ya mauzo ya bia ya Primus ya usiku mmoja, basi amri ya meya haijamfungia baa. Imempa leseni ya kelele, yenye bei na siku ya kulipia. Askari naye, ambaye mshahara wake unachelewa, anajifunza kwamba kelele ikiisha na kipato chake kimeisha. Hapa hakuna mtu mwovu kuliko wengine. Mfumo umepangwa hivyo kwamba kila mmoja ananufaika tatizo likiendelea, isipokuwa jirani anayetaka kulala.

Baraza lingebadilisha nini? Nimesikia watu wakijibu kwa unyonge kwamba madiwani nao watakula. Watakula, bila shaka, baadhi yao. Lakini amri inayopita barazani hujadiliwa mbele ya watu, na mjadala huo una kazi ambayo mhuri hauna. Mwenye baa atakuja kusema kwamba saa tatu ni mapema mno kwa mchimbaji anayetoka shimoni saa mbili. Mwalimu atasema mitihani ya serikali inakaribia. Mama wa mtaa wenye mashine ya kusaga atauliza kwa nini muziki unakatazwa na mashine hazikatazwi, ilhali mashine inaanza alfajiri na vumbi lake linaingia katika sufuria. Saa itakayokubaliwa baada ya mabishano hayo itakuwa na watetezi mjini. Faini itaandikwa katika bajeti, na mwisho wa mwaka diwani wa upinzani atauliza kwa nini faini za mwaka mzima ni chache kuliko zile anazozisikia mtaani. Swali hilo moja lina thamani kuliko doria kumi.

Bila baraza, amri huchagua njia rahisi, na njia rahisi ni kuwakamata watu badala ya kudhibiti mahali. Ni hapa ninapoogopa zaidi. Kongo bado ina katika vitabu vyake amri ya 23 Mei 1896 kuhusu uzururaji na kuombaomba, ya zama za Leopold wa Pili, ambayo inamfanya mtu asiye na makazi wala kazi kuwa mkosaji kwa hali yake. Katika mji wa mgodi nusu ya vijana wanaweza kuitwa wazururaji kabla ya saa sita mchana, kwa sababu wanasubiri zamu, au wanasubiri maji yapungue shimoni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake ya ushauri 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa umaskini wake. Mahakama Kuu ya Malawi ilikuwa imekwisha kuitupa sehemu ya sheria kama hiyo mwaka 2017, katika kesi ya mchuuzi Mayeso Gwanda, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuata Desemba 2022. Meya wa Kamituga anayeandika kwamba "wazururaji waondolewe" anaandika kwa kalamu ya mwaka 1896.

Kinshasa imeonyesha njia hiyo inakoelekea. Novemba 2013 polisi walianzisha Operesheni Likofi dhidi ya vijana wa kuluna, waliokuwa wakiwashambulia watu kwa mapanga. Hofu ya wananchi ilikuwa ya kweli na wengi walishangilia. Kisha ikajulikana kwamba vijana walikuwa wakiuawa bila kesi, wengine mbele ya nyumba zao. Human Rights Watch ilihesabu angalau 51 waliouawa na wengine 33 waliopotea. Kuluna hawakwisha. Desemba 2024 waziri wa sheria Constant Mutamba alianzisha operesheni nyingine, Ndobo, na mwanzoni mwa 2025 wafungwa zaidi ya mia moja wakapelekwa gereza la Angenga wakiwa na hukumu ya kifo. Kati ya operesheni hizo mbili kuna zaidi ya miaka kumi ambamo komuni za mji mkuu zingeweza kuweka taa, kusimamia masoko ya usiku na kupanga leseni za pombe. Kazi hizo hazipigwi picha, ndiyo maana hazina jina la operesheni.

Kamituga ina mfano wake yenyewe, ulioanzia hospitalini. Septemba 2023 wagonjwa wa mpox walianza kuonekana hapa, na watafiti wakagundua aina mpya ya kirusi, ile inayoitwa 1b, iliyokuwa ikienea pia kwa kugusana katika ngono. Katika utafiti mmoja uliochapishwa kuhusu mlipuko huo, wa wagonjwa 108 waliothibitishwa maabara hadi mwisho wa Februari 2024, asilimia 29 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mji ambao wengi duniani hawakuwahi kuusikia ukawa kwenye ramani za wizara za afya za mabara yote.

Fikiria amri ya kawaida ya "kusafisha mji" ingetolewa wakati huo: polisi waingie baa, wawakusanye wasichana, wafunge nyumba za wageni. Kila msichana angehama usiku huohuo kwenda machimbo mengine, huko ambako hakuna kliniki wala anayemjua. Wahudumu wa afya walihitaji kinyume chake: majina ya waliogusana, imani, na mwenye baa anayekubali kumwita muuguzi badala ya kumficha mgonjwa. Baa iliyokuwa kero ya mtaa ndiyo iliyokuwa mlango wa kufikia ugonjwa. Hilo halifuti kero, wala halifuti jambo zito zaidi, kwamba ndani ya baadhi ya nyumba hizo kuna wasichana wadogo wasio na umri wa kuchagua. Hao wanalindwa na sheria ya mtoto ya 10 Januari 2009, na wanaopaswa kufikishwa mahakamani ni wenye nyumba na wateja. Amri ya utulivu wa usiku isijifanye kuwa inawalinda huku ikiwapakia kwenye gari moja na walevi.

Wenzetu wamejaribu nini? Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2014 iliwapa madiwani uwezo wa kutoa amri ya kulinda eneo la umma. Wanachora mpaka kwenye ramani, wanataja tabia inayokatazwa, pombe barabarani kwa mfano, na anayekaidi anatozwa faini. Kinachonivutia ni pingu alizovikwa mtoa amri. Lazima awaulize polisi na wakazi kabla. Amri haiwezi kuzidi miaka mitatu bila kufanywa upya. Mkazi anayeona imekosewa ana majuma sita ya kuipeleka Mahakama Kuu. Hata hivyo baadhi ya halmashauri zilizitumia amri hizo kuwafukuza wasio na makazi na ombaomba, na zikalaumiwa kwa haki. Kama katika nchi yenye madiwani, magazeti na mahakama zinazofanya kazi chombo hiki kinateleza kuelekea kwa maskini, sisi tusio na hata kimojawapo kati ya hivyo kikamilifu tuna sababu ya kukishika kwa mikono miwili.

Kenya ilichagua kuiweka mada hii ndani ya katiba. Jedwali la Nne la katiba ya 2010 linazipa kaunti udhibiti wa kelele na leseni za pombe. Novemba 2022 gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitangaza kwamba vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi havitapewa leseni tena. Wenye vilabu walibisha, wakazi wakashangilia, ubishi ukawa mkali. Mimi naupenda ubishi huo. Swali lilikuwa baa iwe wapi, na nani ana haki ya kuamua. Tanzania nayo, kuanzia 1 Machi 2017, ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya mifuko midogo ya plastiki, na Uganda ikachukua hatua kama hiyo mwaka 2019. Serikali hizo ziliikamata chupa kabla ya kumkamata mnywaji. Atakayetaka kupunguza ulevi wa asubuhi Kamituga ajiulize kwanza pombe kali za bei ya chini zinaingia mjini kwa lori la nani.

Hapo tunagusa mpaka wa kile meya anachoweza. Uchimbaji wenyewe si wake. Vibali vya madini ni vya wizara, na wachimbaji wadogo wanasimamiwa na idara ya SAEMAPE. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliporomosha mashimo katika eneo linaloitwa Detroit na watu takriban 50 wakafa, meya Alexandre Bundya ndiye aliyesimama mbele ya waandishi, ingawa hakuwa yeye mwenye kalamu ya kufunga au kufungua machimbo. Lakini mashine ya kusaga mawe iliyowekwa katikati ya nyumba ni jambo la usafi, la kelele na la mpangilio wa mji, na hayo ni yake. Anaweza kusema: mashine zote ziwe katika eneo hili, ziwake kuanzia saa hii hadi saa hii, maji yake yasiingie kwenye kijito cha mtaa. Ndiyo amri yenye manufaa kuliko zote ambayo Kamituga inaweza kupata, na ni ile ninayoisikia ikitajwa mara chache zaidi, pengine kwa sababu mashine zina wenyewe.

Tahadhari moja. Mawe ya Kamituga yalipondwa kwa mikono na akina mama, wale wanaoitwa twangaises, kabla ya mashine kuwapokonya kazi. Bado wapo wanaotwanga uani kwao kwa kinu cha chuma. Ukiandika kwa jumla kwamba "kuponda mawe mitaani ni marufuku", utakuwa umemwacha mwenye mashine ahame kwa lori na umemnyang'anya mjane kazi yake. Baraza lenye wanawake ndani lingeliona hilo katika dakika tano.

Wapo wanaosema jibu liko kwa wazee, si kwa madiwani. Warega walikuwa na Bwami, chama cha vyeo kilichofundisha adabu kwa methali, ngoma na sanamu ndogo za pembe, na mtu hakupanda daraja bila mwenendo wake kupimwa na wenzake. Wabelgiji walikiogopa wakakipiga marufuku. Naheshimu hoja hiyo, na naona ndani yake jambo ambalo mji umelisahau: nidhamu inayotoka kwa watu ambao mkosaji anataka heshima yao. Ila Kamituga ya leo ina Washi, Wabembe, Wafuliiru na vijana waliotoka majimbo mengine kabisa. Mchimbaji kutoka Walungu hatapima mwenendo wake kwa cheo cha Bwami. Anayeweza kumwaibisha ni PDG wake, wenzake wa shimo, kiongozi wa koperative yake, na mwenye baa anayemkopesha.

Basi hao waitwe. Sheria haimlazimishi meya asubiri kura ya Kinshasa ndipo asikilize watu. Mageuzi ya polisi yaliyofuata sheria ya 11 Agosti 2011 yalileta mabaraza ya usalama wa karibu, na Bukavu ilikuwa moja ya miji mitatu ya majaribio, pamoja na Matadi na Kananga, ambako wakazi na makamanda waliketi katika vikao vya kartie kutaja kero zao kwa majina ya mitaa. Yaliyofanyika Bukavu yanaweza kufanyika umbali wa kilomita 180 hivi, hata kama barabara ya taifa namba 2 wakati wa mvua inazifanya kilomita hizo kuwa safari ya siku kadhaa. Kikao kiwe na wenye baa, maPDG, walimu, muuguzi, mapasta, motari wa pikipiki na akina mama wa soko. Nawataja mapasta kwa makusudi: mkesha wenye spika nne unapaswa kuwa ndani ya amri ileile na disko, la sivyo amri itaonekana ni ya dini dhidi ya starehe na itakufa mapema.

Na kitakachotoka kikaoni kiandikwe kwa Kiswahili na Kirega pamoja na Kifaransa, kibandikwe sokoni na kwenye ukuta wa kila baa, kiwe na tarehe ya kumalizika, miezi sita labda, na kitaje kiasi cha faini na namna ya risiti. Mwenye baa aliyelipa bila risiti ahesabiwe hajalipa, na askari aliyepokea ahesabiwe ameiba. Leseni ndiyo iwe fimbo: ukivunja saa mara tatu, mlango unafungwa kwa majuma mawili. Mlevi mmoja mmoja aachwe kwa sheria ya kawaida.

Pesa ya taa na ya vyoo vya soko itatoka wapi? Kwa karatasi, asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotolewa kwa jimbo inapaswa kufika kwa mamlaka za mitaa, na sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazipa asilimia 15 ya mrabaha. Lakini mrabaha huo ni wa wenye hati za madini. Dhahabu ya mchimbaji mdogo inayoondoka Kamituga mfukoni haiuachii mji mrabaha wowote. Mji unabaki na mashimo, kelele na wagonjwa, bila fungu la kuwahudumia. Kodi ndogo ya wazi juu ya kila baa na kila mashine, inayotangazwa kila robo mwaka pamoja na matumizi yake, ingekuwa halali zaidi machoni pa watu kuliko ahadi ya mgao kutoka jimboni.

Najua pingamizi kubwa kuliko yote, na ni la bunduki. Tangu Februari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoingia Bukavu, mji wa Kamituga umetenganishwa na makao ya jimbo lake, na kusini nzima ya Kivu imejaa wanaume wenye silaha, wengine wa jeshi, wengine wa wanamgambo wa Wazalendo. Mlevi anapokuwa na silaha begani, nani atamwambia saa imefika? Meya hawezi. Mwenye baa hawezi. Anayeweza ni kamanda wake tu, na kwa hiyo makamanda nao wanapaswa kuketi katika kikao kile na kusaini kwamba silaha haingii baa. Wakikataa kusaini, wakazi watakuwa angalau wamejua kelele ni ya nani, na meya ataacha kuwakimbiza motari kwa kosa la wengine.

Washauri wa komuni za Ibanda, Kadutu na Bagira, ambao Bukavu iliwachagua Desemba 2023, walikuwa jaribio la kwanza la aina yake katika jimbo letu. Vita viliwakuta kabla hata hawajazoea kuuliza maswali. Wanapoandaa kura zijazo, tume ya uchaguzi, CENI, na serikali watakuwa na kishawishi cha kuanza tena na miji mikuu, kwa sababu ndiko kuna barabara na kamera. Waanze na miji iliyoachwa nje. Kamituga, Baraka na Uvira zina hadhi ya mji kwa karatasi na kero za mji kwa kweli, na kila mwaka unaopita bila baraza unazidi kuwazoesha wenye baa, askari na meya kwamba bei ya usiku inapangwa mlangoni.